Mtambo wa mabomba au taima kwenye tanki? Jibu kwa mkulima wa mchicha wa Boko

Swali: "Mtaalamu, habari za kazi. Nalima mchicha, matembele na chainizi kwenye kiwanja cha mtu huku Boko, Dar es Salaam. Nina matuta 30, kila moja upana wa mita moja na ushee, urefu mita sita. Kuna kisima kifupi, pampu ya nusu hosipawa inajaza mapipa, halafu mimi na kijana ninayemlipa tunamwagilia kwa keni asubuhi na jioni. Magoti yamechoka. Nane Nane mwaka huu nilionyeshwa mtambo wa kulima kwenye mabomba bila udongo, matundu 1,000, unajiendesha wenyewe na unauangalia kwenye simu. Bei ni milioni 6.8. Muuzaji anasema maji yanapungua kwa asilimia 90, hakuna wadudu wala magugu. Mpwa wangu ananisukuma nikakope VICOBA. Mimi naogopa bili ya umeme. Nichukue, au nibaki na keni zangu?"

Dada yangu, kabla sijagusa huo mtambo nilipiga kwanza hesabu ya keni zako. Matuta 30 ya ukubwa huo ni kama mita za mraba 216. Mboga za majani kwa jua la Dar zinakunywa milimita 4 hadi 6 za maji kwa siku, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Chukua 5 za katikati, unapata lita 1,080. Hizo ni keni 108 za lita kumi, kila siku ya Mungu. Mkigawana na huyo kijana, kila mmoja akibeba mbili kwa mpigo, ni safari 27 kila mtu. Wewe peke yako unabeba zaidi ya nusu tani ya maji kwa siku. Kwa hiyo asije mtu akakwambia magoti yako ni uzee.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu inaonyesha tatizo lako liko wapi. Linalokuumiza ni kubeba maji. Ulichoonyeshwa kwenye banda la maonyesho ni kitu kingine kabisa: namna mpya ya kulima, yenye mazao yake, soko lake na magonjwa yake. Inatokea kwamba ndani yake kuna pampu, na pampu ndiyo iliyokuvutia.

Nianze na hofu yako ya umeme, maana hapo unaogopa kisichokuwepo. Pampu ya mtambo wa ukubwa huo ni ndogo, tuseme wati 60. Ikizunguka saa 24 inakula yuniti 1.44 kwa siku, kama yuniti 43 kwa mwezi. Hata ukiweka shilingi 356 kwa yuniti, ni shilingi 15,400 hivi. Bili haitakumaliza. Kitakachokumaliza ni siku umeme usipokuwepo.

Kwenye mabomba yale mizizi inaning'inia, na chini yake maji yenye mbolea yanapita kwa utando mwembamba, unene wa milimita chache tu. Hakuna akiba. Udongo wako, hata kama ni mchanga, ni ghala: ukimwagilia asubuhi halafu pampu ikafa, mchicha utakusubiri hadi kesho. Bomba halisubiri. Miaka kadhaa nyuma nilisimamia mtambo wa namna hiyo kwa rafiki yangu, saladi 700 hivi, wiki moja kabla ya kuvuna. Jumamosi moja ya Februari umeme ulikatika saa nne asubuhi, mlinzi akadhani taa tu ndizo zimezimika, akaenda zake kunywa chai. Tulipofika saa tisa alasiri zilikuwa zimelala kama nguo zilizoanuliwa. Tuliokoa chache. Ujumbe kwenye simu ulikuwa umefika, tena mapema. Ulifika kwenye simu ya mtu aliyekuwa harusini Kibaha.

Jambo la pili ni joto. Mizizi inapumua kama sisi, na hewa yake inaipata ndani ya maji. Maji ya nyuzi 20 yanabeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba 7.5 tu, wakati huohuo mizizi yenyewe, kwa joto hilo, inahitaji hewa nyingi zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Hapo ndipo kuvu-maji aitwaye Pythium anapoingia, mizizi inageuka kahawia na kuwa na utelezi, na kwa kuwa maji ni yaleyale yanazunguka, anatembelea matundu yote 1,000 kwa siku chache. Ndiyo maana "hakuna wadudu" ni maneno ya banda la maonyesho. Magugu hayapo, kweli. Minyoo fundo ya udongoni haipo, kweli. Vidukari na inzi weupe wanaruka, hawaulizi kama chini kuna udongo. Na tanki la mbolea lililokaa juani Boko mwezi wa pili ni supu. Wanaofanikiwa pwani wanalifukia ardhini au wanalijengea kivuli, wanatandaza neti juu ya mabomba, na wanachagua aina za saladi zinazovumilia joto.

La tatu ndilo lingenifanya nikatae hata kama mtambo ungekuwa wa bure: maji ya kisima chako. Ukanda wa Tegeta, Boko na Bunju uko karibu na bahari, na visima vingi vya huko vina chumvi. Chumvi tunaipima kwa kipimo kinachoitwa EC, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme, na namba zote hapa ni za mS/cm. Kwa mwongozo wa maji ya umwagiliaji wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, chini ya 0.7 huna wasiwasi, kati ya 0.7 na 3 unahitaji uangalifu, juu ya 3 ni hatari. Saladi ya kwenye bomba inataka mchanganyiko wenye EC ya 1.2 hadi 1.8, na hiyo ni pamoja na mbolea yote ndani. Sasa fikiria kisima chako kinasoma 2.2. Glasi imeshajaa chumvi kabla hujatia kijiko cha kwanza cha mbolea. Tena mmea unakunywa maji na kuiacha chumvi ya mezani nyuma, unaongeza maji mengine yenye chumvi ileile, na kila wiki mchanganyiko unakuwa mkali zaidi hadi uumwage. Hapo ile asilimia 90 inaishia mtaroni.

Asilimia 90 yenyewe si uongo mtupu. Watafiti wa Arizona, Marekani, walichapisha mwaka 2015 ulinganisho wa saladi ya shambani kule Yuma na saladi ya bila udongo kwenye nyumba ya kioo: lita 250 za maji kwa kilo dhidi ya lita 20. Ila wauzaji hukata karatasi hapohapo. Hesabu hiyohiyo ilionyesha nishati ya kilojuli 1,100 kwa kilo shambani dhidi ya 90,000 bila udongo, sehemu kubwa ikiwa ya kupasha na kupoza nyumba. Wewe hutapoza nyumba, kwa hiyo namba hizo hazikuhusu moja kwa moja. Ninazileta uone kwamba maji yaliyookolewa yalilipiwa mahali pengine. Wenye fedha nyingi kuliko sisi wamelipishwa vilevile: AeroFarms ya New Jersey, iliyolima mboga za majani ndani ya majengo kwa taa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mwaka 2023, na Bowery ya New York ilifunga milango mwaka 2024. Hao walikuwa wananunua hata mwanga. Wewe jua unapewa.

Halafu twende kwenye fedha, maana ndiko ningeanzia ningekuwa mpwa wako. Wachuuzi wanakuja shambani na kununua mchicha kwa tuta, sivyo? Hata ukipanda kwa nafasi, mche mmoja kila sentimita 10, tuta lako moja lina miche 720. Kwa hiyo matundu 1,000 ni sawa na tuta moja na nusu hivi la mchicha. Sikosei: milioni 6.8 kwa tuta moja na nusu. Mchicha haulipi kwenye bomba, na matembele ndiyo kabisa, yanatambaa na kuziba njia ya maji. Mtambo ule unataka saladi, nanaa, rihani, vitu vinavyouzwa kwa kichwa au kwa gramu kwenye hoteli na supamaketi. Kama huna mnunuzi wa saladi aliyekwambia kwa mdomo wake "niletee vichwa 200 kila Jumanne", basi huna biashara ya saladi bado. Una mabomba.

Usinielewe vibaya, dada, sikwambii ubaki na keni. Kwa hali yako ningefanya hivi: ningeinua maji, ningeyapitisha kwenye mipira ya matone, na baada ya miezi miwili mitatu ningeongeza taima, saa inayofungua na kufunga maji yenyewe. Faida karibu yote unayoitafuta iko hapo.

Simtanki la lita 2,000 juu ya stendi ya mita mbili linakupa msukumo wa baa 0.2 hadi 0.3, kwa kuwa kila mita kumi za kimo ni baa moja. Ni msukumo mdogo, lakini matuta yako ni mafupi, na hilo ni bahati. Weka mipira minne kwa kila tuta, matundu kila sentimita 20. Tundu lililoandikwa lita 1.6 kwa saa limepimwa kwa baa moja. Kwa baa 0.2 litatoa kama lita 0.7. Matundu 120 kwa tuta yanakupa lita 84 kwa saa, na tuta linahitaji lita 36 kwa siku. Dakika 25. Usifungulie matuta yote 30 kwa pamoja, maana bomba kuu la inchi moja halitatosha na matuta ya mwisho yatakufa kiu. Gawa kanda tano za matuta sita, kila kanda na koki yake. Saa mbili na kidogo, kazi imeisha, na mkono wako umegusa koki tano badala ya keni 108.

Kitu kimoja kitabadilika kwenye kupanda. Mchicha wa kumwaga hauendi vizuri na matone, kwa sababu kwenye mchanga tone linashuka chini moja kwa moja, halisambai pembeni zaidi ya sentimita 15 au 20. Panda kwa mistari, kila upande wa mpira. Na kwa kuwa mchanga unashika maji kidogo, ni heri dakika 12 asubuhi na 12 jioni kuliko 25 kwa mkupuo. Kugawagawa huku ndiko kunakofanya taima iwe na maana kwenye udongo wa Dar kuliko kwenye mfinyanzi wa Kilosa.

Hapa naomba usome polepole, nimeona watu wengi wakipoteza fedha. Taima nyingi za betri zina valvu ya sumaku ndani, na valvu hiyo inahitaji msukumo wa maji ili ifunguke sawasawa. Ukiifunga kwenye tanki la mita mbili inaweza kugoma, au ikavujisha usiku kucha, nawe utamlaumu Mchina bure. Ulizia taima yenye koki ya tufe la chuma ("ball valve") linalozungushwa na kimota. Hiyo inafanya kazi hata kwa msukumo sifuri. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, nenda duka linalofuata. Pia usikubali kuuziwa mfumo wa matone bila chujio. Chembe ndogo kuliko mchanga zinatosha kuziba tundu. Chujio la meshi 120 ndilo la kawaida, na linaoshwa kila wiki, si siku maji yakigoma.

Ukiwa na maji ya chumvi kiasi, matone yana tabia yake. Yanaisukuma chumvi hadi ukingoni mwa sehemu yenye unyevu, utaiona kama unga mweupe kati ya mistari. Mvua ya kwanza ya vuli, hasa manyunyu, inairudisha chumvi ile kwenye mizizi. Kwa hiyo manyunyu yakianza usikimbilie kuzima maji. Yaache yaendelee hadi inyeshe mvua ya kueleweka. Mazao nayo hayafanani: spinachi ya kwetu, ambayo ni ndugu wa kiazisukari, inavumilia chumvi vizuri, mchicha unajitahidi, matembele yanalalamika mapema, na maharage ndiyo ya kwanza kuungua.

Mpwa wako atauliza kuhusu vihisi vya unyevu, vinavyoamua vyenyewe lini maji yafunguke. Vile vya bei ya chini vyenye miguu miwili ya chuma vinapitisha umeme kwenye udongo na kuliwa na kutu ndani ya wiki chache. Vingine vinadanganywa na chumvi, vinasoma udongo mkavu kama ni mbichi. Ningependa ajue habari moja kutoka Iringa. Kwenye mradi ulioanza 2013, wakulima wa skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi walipewa kifaa cha Waaustralia kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga, na jina limekikaa: taa ya bluu udongo umeloa, kijani uko sawa, nyekundu umekauka. Hakifungui koki wala hakipigi simu. Kinaonyesha rangi, mtu anaamua. Wakulima wakagundua walikuwa wanamwagilia kupita kiasi na kuzamisha mbolea chini ya mizizi. Wakapunguza siku za kumwagilia, mavuno yakapanda. Ninyi wa keni mara nyingi mna kosa hilohilo kwa sura nyingine: juu panang'aa maji, chini sentimita kumi pakavu. Chimba kwa kidole kabla ya kununua chochote.

Kiwanja si chako, na hilo wala muuzaji hakuuliza. Mwenye nacho akianza kujenga unapewa mwezi, ukibahatika. Kwa hiyo kila shilingi unayoweka iwe kwenye kitu kinachokunjika: mipira inaviringishwa, tanki linapakiwa kwenye Kirikuu, taima inaingia kwenye mkoba, na usiku inalala ndani, maana wezi nao wanapenda teknolojia. Stendi ifanye ya chuma ya kufungua kwa nati. Mwombe mwenye kiwanja karatasi, hata ya msimu mmoja mmoja mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Kama moyo umeshapenda mtambo, kuna sehemu mbili ambapo sitakuzuia. Moja ni kitalu cha miche. Eneo dogo, miche myororo, kusahau maji mchana mmoja ni hasara ya wiki tatu. Hapo taima na vinyunyizio vya ukungu vinarudisha gharama. Nyingine ni jaribio la ndoo. Mpe mpwa wako ndoo kumi zenye vifuniko, chini ya neti, mchanganyiko wa mbolea ndani, hakuna pampu hata moja: mmea unakunywa, kina kinashuka, na nafasi inayobaki juu inaipa hewa mizizi. Atumie maji ya mvua au ya bomba, si ya kisima. Akifanikiwa kutoa saladi nzuri Januari na Februari, na akapata hoteli ya kuzinunua, arudi tuongee habari za mabomba. Tena arudi kwa muuzaji akaombe kuonyeshwa mteja aliye mwaka wa pili na mtambo ule, na duka linalouza ile mbolea ya pakiti mbili zisizochanganywa pamoja. Mwaka wa kwanza kila mtambo unapendeza.

VICOBA ni fedha za wenzako na marejesho hayasubiri saladi. Kopa kwa ajili ya tanki na mipira kama hesabu za mchicha unaouza sasa hivi zinaweza kulipa, hata zao lisiongezeke hata fungu moja. Na yule kijana usimwachishe. Kupalilia, kuvuna na kufunga mafungu hakuna taima itakayokufanyia, na akishaweka keni chini utashangaa ana muda gani.

Kuna mambo ambayo maandishi haya hayatoshi. Lita 2,000 ni tani mbili juu ya vichwa vya watu. Stendi ijengwe na fundi aliyewahi kujenga nyingine, na msingi aukague mtu. Pampu, nyaya na maji viko pamoja, hivyo mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, aweke sakiti breka ya kukata umeme unapovuja na afunge waya wa ardhini. Ukiona mizizi imeoza, au majani yanaungua kingo ingawa udongo una unyevu, usibahatishe dawa. Mwite afisa ugani wa kata yako aje aone, na udongo upelekwe maabara, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano. Maji yapimwe kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, wao watakupa pia sodiamu na kloridi, ambazo kalamu ya mkononi ya kupimia chumvi haikwambii.

Ila kalamu nunua kesho, ya kusoma EC, si inayoonyesha ppm peke yake. Chota maji baada ya pampu kuzunguka dakika kumi, si ya kwenye pipa. Andika namba na tarehe. Kisha pima tena mwishoni mwa Februari, kabla masika hayajaanza, kisima kikiwa kimeshuka kabisa. Niandikie namba zote mbili. Hiyo ya Februari ndiyo nitakayoisoma kwanza.